Umri wa Kiputo

Hesabu ilikuwa ikiishia tatu.

Mwanamkasi alipiga magoti juu ya mkeka, mbele yake bakuli la maji ya sabuni yanayofuka mvuke, mkononi kikonyo cha jani la mpapai. Alikichovya, akapuliza taratibu mpaka kiputo kikavimba, kikajitenga na kikonyo, kikaondoka. Moja. Mbili. Tatu. Kikapasuka hewani, hakijafika hata nusu ya njia ya kwendea usoni kwa mwanawe.

"Umekiona, Mashavu?"

"Nini, mama?"

"Kiputo."

"Kiko wapi?"

"Kishapasuka. Ngoja, nnakuletea chengine."

Mashavu alikuwa na miaka minne. Aliketi ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, uso wake ameuelekeza inakotoka sauti ya mama yake. Na hilo ndilo lililokuwa likimla Mwanamkasi ndani kwa ndani. Mama alipohama kimyakimya kwa magoti, uso ule ulibaki pale pale ilipokuwa sauti.

Alipuliza tena. Moja, mbili. Hicho hakikufika hata tatu.

Siku ile ilikuwa ya thelathini na moja tangu surua ilipomwangukia mtoto, katika kipupwe cha mwaka 1956, ndani ya chumba cha chini cha nyumba kongwe ya Sokomuhogo, nyumba ambayo juu wanakaa wenye nayo na chini wanakaa wanaowafulia. Mwanamkasi binti Makungu alikuwa akiwafulia kwa mwaka wa tisa sasa. Alizaliwa Makunduchi, mahali ambapo mtu hulima baina ya jiwe na jiwe, akaja mjini na miaka kumi na saba, mke wa Mcha, mtu wa Tumbatu, mchukuzi wa bandarini. Mji haukumpa kazi nyengine ila ile aliyoijua kila mwanamke, naye akaijua kuliko wote. Alijua kanzu ipi ya kuchemsha na ipi ukiichemsha umeiua. Alijua buluu itiwe kiasi gani hata nguo iwe nyeupe badala ya kuwa ya samawati, na wanga wa muhogo uwe mwepesi namna gani kola isije ikamchinja mwenyewe shingo. Watu wa baraza za jirani walikuwa na mzaha wao, kwamba kanzu iliyofuliwa na Mwanamkasi huingia msikitini kabla ya mwenye kuivaa.

Watoto wawili aliwazika kabla ya kumpata huyu. Hilo hakulitaja, wala watu hawakumtajia.

Surua ilikuja wiki moja baada ya Mcha kwenda Pemba kuchuma karafuu. Mwanamkasi alituma habari shamba, na mama yake, Bi Mkubwa, akaja kwa gari ya asubuhi na kifurushi cha majani na kanuni zake zote. Dirisha likafungwa, likatundikwa kaniki isipite hata sindano ya mwanga. Mtungi wa maji ukatolewa nje, kwa sababu baridi ya maji, alisema Bi Mkubwa, huingia katika vipele na kuvizamisha. Maji yoyote yatakayopita kizingiti kile kwa siku arobaini lazima yawe yamepata moto. Mtoto ale uji mtupu. Hospitali asipelekwe, maana sindano huirudisha surua ndani, na surua ikirudi ndani haitoki ila na roho.

Bi Mkubwa alikaa wiki mbili, vipele vikakauka, homa ikashuka, akashukuru Mungu, akarudi kwenye muhogo wake. Kwa akili yake alikuwa amemponya mjukuu. Na kweli mtoto alikuwa hai.

Lakini siku ya kumi na moja Mwanamkasi aliuweka uji karibu na goti la Mashavu, akauona mkono mdogo ukipapasa mkekani, ukalipita bakuli, ukarudi, ukaligusa, ukalishika. Akajiambia: gizani kila mtu hupapasa. Akaendelea kujiambia hivyo kwa siku ishirini. Giza lile lilikuwa limemfichia mtoto mwanga. Sasa lilimfichia mama aliyoyaona.

Aliyekataa kufichwa ni Mize, dada yake Mcha, mjane aliyekaa chumba cha pili, ambaye ulimi wake ulikuwa na moto kuliko pasi ya mkaa. Asubuhi ya siku ile ya thelathini na moja alimwita Mwanamkasi uani, mbali na mlango.

"Wifi, mtoto haoni."

"Anaona. Jana nimempitishia kijiko, kageuka."

"Kijiko kililia kwenye bakuli. Mimi nlikisikia kutoka chumbani kwangu."

"Nikampungia kanga, kageuka vilevile."

"Kanga ina upepo. Na kanga zako wewe zinanuka buluu, hata mimi ukinifumba macho ntakwambia Mwanamkasi huyo anapita."

"Na mkono wangu je? Nikimnyooshea mkono anaushika."

"Anakusikia ukipumua, maskini. Nani asiyemjua mama yake akipumua?" Mize akashusha sauti. "Nsikilize. Daktari wa macho kafika kutoka bara. Yupo hospitali leo, kesho na keshokutwa, basi. Meli ikishamchukua, mpaka mwakani."

"Arobaini haijesha."

"Arobaini ya nani? Mimi nimemzika mume, arobaini yake ikapita, dunia haikusimama."

"Mama kasema sindano—"

"Mama yako kasema, na mama yako kesharudi shamba. Wewe ndiwe uliyebaki na mtoto." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamshika bega. "Haya. Mpe kitu kisichokuwa na sauti, wala harufu, wala upepo. Akikifuata kwa macho, mimi ntakuomba radhi mbele ya kaka yangu, na daktari ende zake."

Mwanamkasi alikaa na neno hilo, akiosha kola za watu, akitafuta katika dunia nzima kitu ambacho hakina sauti, wala harufu, wala upepo. Alikuwa amekiinamia. Povu lilikuwa limemfika viwikoni. Sabuni ilinuka nyumba nzima, nguo zake na ngozi yake, kwa hiyo harufu yake isingemwambia mtoto lolote. Akakata kikonyo cha jani la mpapai uliokuwa uani, akakwangua kipande cha sabuni ya mche katika maji ya moto, akaingia chumbani, mlango akauacha wazi kidogo apate kuona.

Ndivyo alivyofika kwenye hesabu inayoishia tatu. Alipuliza viputo thelathini au zaidi mchana ule. Vyote vilikufa njiani. Mize alipochungulia mlangoni na kuuliza, "Vipi?" Mwanamkasi alijibu bila kugeuka, "Havifiki. Vinapasuka kabla hajapata kuviona."

Na ukweli ni kwamba kila kilipopasuka, kifua chake kilishuka kidogo kwa nafuu. Kiputo ambacho hakikufika hakikuweza kumshuhudia mtoto vibaya. Alikuwa amepata wakili, na wakili mwenyewe ni maji ya moto.

Asubuhi ya pili alikuwa uani na kazi yake. Mkono wa kushoto, debe lilikuwa likichemka juu ya mafiga; mkono wa kulia, karai la kusuuzia, maji yake yamelala nje usiku kucha. Ulikuwa umande wa kipupwe, jua bado halijashuka baina ya kuta. Aliitoa kanzu moja kwenye debe, akaitumbukiza karaini, na povu lililokuja nayo likatawanyika juu ya maji. Macho yake yakaangukia kiputo kimoja kikubwa kama kikombe cha kahawa, kimekaa juu ya maji ya baridi. Kilikaa. Rangi zilikuwa zikiteremka ubavuni mwake polepole, kijani, zambarau, dhahabu, kama mtu anayeshuka ngazi akiwa hana haraka. Akageuka kutazama debe. Kule viputo vilizaliwa na kufa kwa pamoja, mvuke ukivipasua kabla havijapata hata rangi.

Miaka tisa alikuwa ameyatazama haya kila siku, wala hakupata kuyaona.

Aliiacha kanzu ikaelea. Akachukua kikonyo. Katika maji ya debe: moja, mbili, na mara nyengine tatu. Akachota maji yale katika kopo, akayaacha yakapoa mpaka kidole kikavumilia, akapuliza: nne, tano. Katika maji ya karai hakikutoka kitu cha maana, maana sabuni mbichi haiyeyuki katika baridi. Inabaki vipande vipande kama maziwa yaliyokatika. Basi akafanya kama afanyavyo mtu anayejua kazi yake. Akaiyeyusha sabuni kwa moto kwanza, ikaiva vizuri, akaimimina katika kopo, kopo akalididimiza katika mtungi uliotolewa nje, ule uliokaa kivulini ukitoka jasho. Akafua kanzu tatu. Aliporudi, kopo lilikuwa baridi kama shingo ya mtungi wenyewe, na maji ya sabuni yamekuwa mazito kidogo, yakivutika katika kikonyo.

Akapuliza. Kiputo kikatoka kwa uvivu. Moja, mbili, tatu, nne. Kikapita juu ya kamba ya kuanikia. Saba. Nane. Kikashuka, kikapanda. Kumi na moja. Kikapasuka ukutani, si kwa kuchoka, kwa kugonga.

Alielewa bila ya mtu kumfundisha. Moto huufanya utando wa kiputo kuwa mwembamba. Maji yake hukimbilia chini na mengine hutoka na mvuke, ngozi ikabaki haina kitu. Baridi huyachelewesha maji. Kiputo kilichozaliwa katika baridi hakina nguvu zaidi, ila kina muda zaidi.

Na muda ndio aliokuwa hautaki.

Alisimama uani na kopo mkononi mpaka vidole vikafa ganzi. Bado siku nane arobaini itimie. Akiyaingiza maji haya chumbani na mtoto akapata homa tena, atamwambia nini mama yake, atamwambia nini Mcha? Hiyo ilikuwa hofu moja, na ilikuwa na jina, na angeweza kuitamka mbele za watu. Nyuma yake ilijificha nyengine. Kiputo hiki kitafika. Kitasimama mbele ya uso wa Mashavu, kimya, hakina harufu, hakina upepo, na hakitaondoka upesi. Hakutakuwa tena na cha kusingizia.

Siku ile hakuingia nayo. Alilimwaga kopo chini ya mpapai, akarudi kwenye nguo. Mize alimwona. Jioni alisema neno moja tu: "Kesho ndiyo ya mwisho, wifi."

Siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, Mwanamkasi aliyeyusha sabuni, akaipoza mtungini, akavuka kizingiti na maji ya baridi. Alisema bismillahi kwa sauti, kama mtu anayeingia nyumba isiyokuwa yake. Akaisogeza kaniki dirishani kiasi cha kiganja. Mwanga ukaingia, mwembamba, ukalala mkekani.

"Mama, umefungua?"

"Umejuaje?"

"Nasikia kunguru."

Akapiga magoti. Akapuliza.

Moja. Mbili. Tatu. Hapa ndipo siku zote kilipokuwa kikipasuka. Nne. Kilikuwa kikienda moja kwa moja, kikubwa, kimebeba ndani yake dirisha dogo lililopinda. Sita. Kikafika. Kikasimama mbele ya uso wa mwanawe, upana wa kiganja tu kutoka puani, na macho ya Mashavu yalikuwa wazi, yamekielekea, yamekipita, hayana habari. Nane. Tisa. Mwanamkasi hakuwa akipumua. Kumi. Kiputo kikateremka, kikaigusa pua.

Mtoto akashtuka, akajifuta. "Mama, maji yamenirukia."

Kwa muda Mwanamkasi hakusikia kunguru wala mji. Alikuwa amejua, na alikuwa amejua tangu siku ya kumi na moja. Kujua kwa moyo ni jambo moja, na kuonyeshwa kwa hesabu ya kumi ni jambo jengine. Akapuliza tena, kwa kuwa mikono haikujua jambo jengine la kufanya. Kikafika tena. Akapuliza tena. Vitano, sita, vyote vilisimama mbele ya uso ule, kila kimoja kikakaa umri wake wote, hapana jicho lililovijali. Machozi yalimdondokea bakulini na hakuyazuia.

Cha saba kilikwenda kombo. Pumzi ya dirishani ilikichukua, kikapita kuliani mwa mtoto, karibu na sikio, na kwa vile kilikuwa cha maji ya baridi hakikufa. Kikakaa pale katika ule ufito wa mwanga, kikizunguka. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

Mashavu akageuza kichwa.

"Kinang'ara," akasema.

Mwanamkasi aliuma mdomo asitoe sauti. Huenda ni upepo. Huenda ni kunguru. Akahama kimya, akapuliza tena kuelekea kulia. Kichwa kikageuka. Tena: hakikugeuka. Tena: kikageuka, na safari hii mkono ukanyooka, ukakosea kwa vidole viwili tu. Akajaribu kushoto, mara nne, mara tano. Kushoto hakukuwa na mtu. Mbele hakukuwa na mtu. Lakini katika pembe ya jicho la kulia, pale karibu na sikio, mwanawe alikuwa bado yumo, amebanwa kama mtu aliyesimama kwenye ufa wa mlango unaofungwa.

Furaha na hofu zilimjia kwa mlango mmoja, hakuweza kuzitenganisha. Kama kulia pamebaki kidogo leo, jana palibaki zaidi. Na juzi? Na wiki iliyopita, alipokuwa akijiambia kwamba gizani kila mtu hupapasa?

"Wifi," aliita.

"Naam," Mize aliitika, tayari yuko mlangoni, tayari na buibui lake mwilini.

"Nivikie mtoto viatu. Mimi mikono hainitii."

Walikwenda kwa miguu, wakibadilishana kumbeba. Foleni ilikuwa imejaza ukumbi wa hospitali hadi ngazini, wazee kwa watoto, vitambaa machoni. Ilipofika zamu yao adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa, na daktari, Mzungu mwembamba aliyechoka, alikuwa akitazama saa yake kila baada ya mgonjwa. Pembeni yake alisimama nesi wa mjini, Bi Shemsa, ndiye aliyemfasiria.

Daktari akafunua kope za Mashavu kwa kidole gumba, akamulika tochi jicho la kushoto, akamulika la kulia, akasema maneno machache, akaanza kuandika.

"Anasema surua imeyala yote mawili," alisema Bi Shemsa kwa upole. "Mboni zimeota ukungu. Poleni sana."

"La kulia linaona," alisema Mwanamkasi.

"Dada, keshatazama."

"Katazama mbele. Mwambie asitazame mbele. Aje kwa pembeni, kutoka sikioni, polepole, na asitie sauti."

"Kuna watu hamsini nje, dada."

"Basi na wewe mwambie upesi."

Mize, aliyezoea kuwa ndiye mwenye ulimi, alimtazama wifi yake kama asiyemjua. Bi Shemsa akafasiri. Daktari akaiweka kalamu chini, labda kwa subira, labda kwa kuchoka kubishana. Akaliziba jicho la kushoto kwa kiganja, akaileta tochi nyuma ya sikio la kulia, taratibu, kimya.

Jicho likasogea.

Akaiondoa, akairudisha. Likasogea tena. Karatasi aliyokuwa akiiandika akaikunja, akavuta nyengine. Akauliza kitu.

"Anauliza umejuaje."

Mwanamkasi alitafuta maneno ya kuyaeleza yale ya mtungi na debe, na hesabu, na kikonyo, akaona hayataingia katika chumba kile. "Nimemtazama," akasema.

Yaliyofuata Bi Shemsa aliyasema kidogo kidogo, akihakikisha kila moja limeshikwa. La kushoto limekwenda, hilo wasilingojee. La kulia limeungua katikati, lakini ukingo wake upo. Matone haya kila baada ya saa nne. Mafuta haya ya samaki kijiko asubuhi na jioni, hata akitapika arudiwe. Uji mtupu sasa basi. Ale maini, mayai, mapapai, mchicha. Dirisha lifunguliwe. Huo ukingo ukisalimika atapata kujua njia na watu. Daktari haahidi.

Mwanamkasi aliipokea chupa kwa mikono miwili. Foleni ilikuwa ikisukuma mlangoni, na Mize alikwisha kumpakata mtoto, lakini yeye hakuinuka kwenye kiti.

"Bi Shemsa, niulizie jambo moja. Lau ningelimleta mwezi uliopita—"

Bi Shemsa alimtazama daktari aliyekuwa ameinamia karatasi yake, kisha akamtazama yeye, mikono yake iliyosinyaa kwa maji, chupa imebanwa kifuani.

"Hilo simuulizii, dada," alisema. "Huyu hajui kusema uwongo."